"Sum it up" au "sum up it"? Jibu kwa aliyepewa kazi ya majumuisho kwa Kiingereza

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mratibu wa mradi wa maji vijijini katika shirika moja hapa Singida. Mwezi uliopita tulikuwa na warsha ya siku mbili, wafadhili wamo, lugha ni Kiingereza. Baada ya mada tatu za asubuhi mwenyekiti akanigeukia: 'Could you sum up for us, please?' Nikasimama nikaanza: 'Let me to sum up it.' Nikaona wenzangu wawili wanatazamana. Nikaendelea kama dakika kumi, nikashukuru kila mtu, hadi mwenyekiti akasema: 'Yes, but just sum it up.' Nikakaa. Kamusi inaniambia sum ni jumlisha na up ni juu, sasa kujumlisha juu ndiyo nini? Mwalimu wetu wa sekondari alitufundisha kwamba maneno ya namna hii ni ya mtaani, ofisini useme summarise. Wenzangu wengine husema wrap up, wengine wind up. Robo ijayo nitaombwa tena. Nifanyeje?"

Marahaba. Barua yako ina maswali matatu: namna ya kulipanga hili neno katika sentensi, kama linafaa mbele ya wakubwa, na nini hasa unachotakiwa kusema ukishalitamka. Naona umeumia zaidi kwa lile la kwanza, kwa sababu wenzako walitazamana. Mimi la tatu ndilo linalonigusa. Kosa la "sum up it" lilichukua sekunde moja na kila mtu alikuelewa. Zile dakika kumi ndizo zilizomfanya mwenyekiti akukatize. Basi nitakujibu yote, lakini uniruhusu nikae zaidi pale penye uzito.

Tuanze na hilo "juu" linalokusumbua. Kila aliyewahi kuwasilisha mada kwenye warsha ameonyeshwa kikaratasi kilichoandikwa "Time is up". Hakuna anayedhani muda umepanda mahali. Wote tunajua umekwisha. Up hiyo ndiyo iliyomo kwenye sum up. Wenye Kiingereza huibandika nyuma ya vitenzi vingi kuonyesha kwamba tendo limefika ukingoni: use up ni kutumia hadi kitu kiishe, drink up ni kunywa chote, fill up ni kujaza pomoni. Na sisi tuna yetu. Karani akilipiga mstari jina kwenye orodha, amelifuta. Mahakama ya Rufani ikifutilia mbali hukumu, hakuna kilichobaki, na hilo "mbali" halina umbali wowote ndani yake. Tupa na tupilia mbali ni vilevile. Kwa hiyo unapokutana na up baada ya kitenzi, usikimbilie "juu". Jiulize kwanza: je, ni jambo linalomalizwa kabisa?

Sum yenyewe ni jumla, kamusi haikukudanganya. Inatokana na Kilatini, summa, jambo la juu kabisa, kwa kuwa Warumi walipojumlisha safu ya tarakimu walizoea kuandika jibu juu ya safu, si chini kama tunavyoandika sisi. Ukiunganisha viwili hivyo, sum up ni kuyakusanya yaliyosemwa na kutoa jumla yake, mpaka kisibaki kitu muhimu nje. Kiswahili cha mikutanoni kina neno linalokaa karibu sana na hapo: kufanya majumuisho. Ungeombwa ufanye majumuisho kwa Kiswahili, naamini ungejua la kufanya.

Sasa "sum up it". Kosa hili lina sababu, na ukiijua hutalirudia. Kiswahili huyaweka mabadiliko ndani ya kitenzi chenyewe: funga, fungua, fungia, fungana. Kiingereza mara nyingi hukiacha kitenzi kilivyo, kikaongeza kipande nje. Wewe umejifunza sum up kama neno moja, ukaona kiwakilishi kifuate nyuma yake kama kinavyofuata kwenye "summarise it". Mantiki yako ilikuwa safi. Ila sum up ni vipande viwili, na kiwakilishi hakikubali kukaa nje ya vipande hivyo. Kinaingia katikati: sum it up. Na hapa Kiswahili chako kinakusaidia kuliko unavyofikiri. Ukizungumzia mjadala unasema "niufupishe". Ile u imekaa katikati. Hakuna Mswahili atakayeipeleka mwishoni. Sikio lako tayari limezoea kiwakilishi kilichobanwa ndani ya kitenzi. Lifanye lisikie sum-it-up hivyo hivyo, kama neno moja lenye kiwakilishi tumboni. Hoja zikiwa nyingi: sum them up.

Nomino kamili ina uhuru zaidi. "Sum up the discussion" ni sahihi, "sum the discussion up" nayo ni sahihi. Lakini nomino ikiwa ndefu, iache mwishoni: "Let me sum up what the three speakers said about repairs." Ukiipeleka up mwisho wa sentensi ndefu kama hiyo, msikilizaji atakuwa ameshapotea. Na unaweza kulitumia bila kitu chochote baada yake, kama mwenyekiti wako alivyofanya: "Could you sum up?" Au ukafungua nalo sentensi: "To sum up, the money is there but it arrives late."

Mambo mawili madogo ambayo nayasikia kila warsha. Let haitaki to: ni "let me sum up". Allow inaitaka: "allow me to sum up". Ukipenda adabu ya allow me, chukua na to yake. La pili, usiongeze about. Kwa kuwa sisi husema "kuzungumza kuhusu", wengi huteleza wakasema "sum up about the problem". Hapana: "sum up the problem".

Matamshi nayo yasikutie hofu. Ile u ya sum na ya up inakaribia a yetu, kwa hiyo uko nyumbani. Kinachowaponza wengi ni kuongeza irabu mwishoni, "samu apu". Unganisha: sa-map. Wakati uliopita, "she summed it up", unasikika kama sam-di-tap, na mkazo unaangukia kwenye up. Litamke mara kadhaa ukiwa unapika au unaendesha gari, mpaka ulimi ulizoee.

Kuhusu lile la mtaani. Mwalimu wako hakuwa na nia mbaya. Vipo vitenzi vya aina hii ambavyo kweli ni vya kijiweni, na kwa mtoto wa sekondari kanuni ya "usivitumie" humwepusha na mengi. Lakini sum up si mmojawapo. Ushahidi wangu unatoka mahakamani, mahali ambapo lugha haichezewi. Nchini Tanzania, kesi za mauaji Mahakama Kuu zilisikilizwa kwa miaka mingi na jaji akikaa na wazee wa baraza. Pande zote zikishafunga ushahidi, na kabla wazee hawajatoa maoni yao, jaji aliwafanyia kile ambacho wanasheria, kwa Kiingereza, hukiita summing up: aliwakumbusha nani alisema nini na sheria inasemaje. Kenya iliwaondoa wazee wa namna hiyo mwaka 2007. Katika Mahakama Kuu ya Uganda utaratibu huo unajulikana vizuri. Kama neno limepewa kazi katika kesi ambayo uhai wa mtu uko hatarini, linatosha kwa warsha ya maji.

Nimelitaja hili la mahakama kwa sababu nyingine pia. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imebatilisha mienendo ya kesi si mara moja kwa sababu jaji, katika majumuisho yake kwa wazee, aliruka mambo ya msingi au aliingiza maoni yake kabla ya wao kusema yao. Humo mna maana kamili ya neno hili, bora kuliko ile ya kamusi. Anayefanya majumuisho hubeba maneno ya wengine. Haachi lililo zito, haongezi lisilosemwa, hapindi kuelekea anakotaka yeye. Ukiwa na maoni yako kuhusu pampu, yaseme wakati wa mjadala. Ukiombwa kufanya majumuisho, yaweke kando.

Je, useme sum up au summarise? Nitakuambia ukweli: summarise haina kosa, na katika ripoti iliyoandikwa huwa inakaa vizuri zaidi. Kuna hata mahali ambapo ningekushauri uichague. Ukumbini wakiwemo wenzetu wa Burundi au Kongo waliosoma kwa Kifaransa, summarise itawafikia upesi kuliko kitenzi cha vipande viwili. Lakini kwa mdomo, katika chumba ambacho mwenyekiti mwenyewe ametumia sum up, mjibu kwa neno lake. Linatamkika haraka, na linaahidi ufupi. Lisilokuwepo kabisa ni "summarise up", usizichanganye.

Wrap up ni jambo jingine. Hiyo ni kufunga kikao. Ukisimama ukasema "let me wrap up", watu wanafunga kompyuta zao, wengine wameshaangalia mlango wa chakula, na hoja zako zinaangukia kwenye kelele za viti. Mwachie mwenyekiti. Wind up, inayotamkwa "waind ap", sisi huku tunaitumia sana kumwambia msemaji amalizie, na katika maana hiyo wageni wataielewa. Lakini fahamu kwamba ina maana nyingine mbili: kampuni inayofungwa na kufilisiwa kisheria iko kwenye winding up, na kwa Mwingereza "to wind somebody up" ni kumchokoza mtu hadi apandishe hasira. Kwa hiyo "I will wind you up" ni sentensi ambayo sitaki uitamke mbele ya mfadhili. Recap unaijua, ndiyo ile ya asubuhi ya siku ya pili, mshiriki anapowakumbusha wenzake ya jana. Hiyo hufuata ratiba, mada baada ya mada. Sum up haifuati ratiba, inafuata uzito.

Sasa tuje kwenye zile dakika kumi. Nadhani najua zilikwenda wapi, kwa sababu nimewasikiliza wengi. Nne za kwanza zilikuwa shukrani: kwa Mungu, kwa mgeni rasmi, kwa mwenyekiti, kwa waandaaji, itifaki imezingatiwa. Hizo ni adabu zetu na sitaki uzione aibu. Zina mahali pake, na mahali pake ni neno la shukrani mwishoni mwa warsha. Aliyeomba sum up hakuomba hilo. Sentensi moja, "Thank you, Chair", inatosha, kisha ingia.

Dakika zilizobaki, nahisi, zilikwenda kwenye "talked about". The engineer talked about pumps. The treasurer talked about money. Hapa ndipo majumuisho mengi yanapokufa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. "Alizungumzia pampu" haimwambii mtu kitu. Hata aliyekuwa nje akinywa chai angeweza kuisema kwa kuangalia ratiba. Linalotakiwa ni alisema *kwamba* nini. Lazimisha kila sentensi yako iwe na that: told us that, showed us that, warned that. Ukishatamka that, huna budi kumalizia na hoja yenyewe, na kama hoja hukuishika utaligundua hilo papo hapo, ukiwa bado na daftari mkononi. Chagua kitenzi kwa uangalifu. Aliyeonya hakupendekeza, aliyeuliza hakukubali. Warned, proposed, asked, agreed: hivi vinne vitakubeba mbali.

Nimekutungia mfano kwa warsha kama yako, yenye fundi, mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji, na ofisa afya:

"Thank you, Chair. Let me sum up what we have heard this morning. The engineer told us that most pumps stop for want of small parts, and that the nearest shop is a day away. The treasurer showed us that the money is there, but that it takes weeks to get it out of the bank. The health officer warned that while people wait, families go back to the ponds. On one point the speakers did not agree: who should keep the spare parts. To sum it up in one sentence: our pumps can be repaired, but the repair comes too late. Back to you, Chair."

Isome kwa sauti, hata polepole ni kama dakika moja tu. Tazama kwamba nimeitaja tofauti yao. Wengi huificha kwa kudhani ni utovu wa adabu kusema wakubwa hawakukubaliana. Kwa mfadhili anayetaka kujua la kujadili mchana, sentensi hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Iseme bila kumlaumu yeyote, kama nilivyoiweka. Tazama pia ile sentensi ya mwisho. Hakuna msemaji aliyeitamka hivyo, lakini wote watatu wakiisikia watatikisa kichwa kukubali. Ukiona mmoja angeipinga, ujue umeingiza maoni yako, irekebishe.

Namna ya kuipata sentensi hiyo ukiwa umekaa kwenye kiti: gawa ukurasa wa daftari kwa wasemaji. Kila mmoja mpe mstari mmoja tu, uandike akishamaliza, si wakati anazungumza. Andika kwa Kiswahili kama ndicho kinachokuja haraka. Kabla hujasimama, soma mistari hiyo na ujiulize, hawa wote wanasema nini kwa pamoja? Jibu liandike chini na ulizungushie duara. Unaanza na mistari, unamaliza na duara.

Nyumbani fanya zoezi hili. Sikiliza taarifa ya habari ya redio ya saa mbili usiku, chagua habari moja, iseme kwa sentensi tatu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ukianza na "To sum up". Nakuomba usiruke hatua ya Kiswahili. Watu wengi wanaodhani Kiingereza ndicho kinachowashinda hugundua kwamba hata kwa lugha ya mama habari hawajaikusanya, na hapo hakuna kitenzi cha kigeni kitakachowaokoa. Ukiona Kiswahili kinatoka vizuri na Kiingereza ndicho kinachokwama, basi tatizo ni msamiati, na hilo linatibika kwa mazoezi. Jirekodi kwenye simu. Siku ya pili jisikilize, ukihesabu tu "talked about" zimebaki ngapi.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatatosha, na ningependa utafute mtu wa kukaa naye. Ukiona unazishika hoja vizuri lakini sarufi inavunjika kila unaposimama, tafuta mwalimu wa ana kwa ana akusikilize na kukusahihisha papo hapo; vikao vichache na mtu makini vinazidi programu nyingi za simu. Ukiwa unafika Dar es Salaam au Nairobi, viko vilabu vya Toastmasters ambako watu wazima wa maofisini hukutana kuzungumza mbele ya wenzao na kupewa maoni kwa upole. Lakini kama kinachokupata ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, au usingizi kukukimbia siku kadhaa kabla ya warsha, hilo si suala la mwalimu wa lugha. Zungumza na mshauri nasaha au daktari, hofu hiyo ina msaada wake. Na kama ulikuwa huwasikii vizuri wasemaji wenyewe, usijilaumu kwa Kiingereza kabla hujapima masikio.

Kwa robo ijayo, mfuate mwenyekiti kabla kikao hakijaanza, wakati watu wanajiandikisha. Muulize mambo mawili: una dakika ngapi, na anataka majumuisho ya mada au neno la shukrani. Akikujibu "just sum up the main points", mwombe dakika mbili za kutazama daftari lako kabla hajakuita. Wenyeviti wengi hukubali.